Lindo Haliachwi Kabla ya Mwenye Zamu Kufika

Askari yeyote, awe wa jeshi au wa polisi, hufundishwa tangu siku zake za mwanzo kwamba lindo haliachwi wazi. Hata mlinzi akichoka, hata mvua ikimnyeshea usiku kucha, hasogei mpaka mwenziwe wa zamu afike, ajitambulishe, na aelezwe hali ilivyo. Hapo ndipo lindo hukabidhiwa. Sababu yake inajulikana na kila mwenye kuvaa sare: adui mwenye akili huungojea muda ule mfupi ambapo mlinzi wa kwanza amekwisha kuondoka, na wa pili hajafika.

Lakini nyumbani mwa askari huyo huyo liko lindo jingine, na aghalabu yeye hana habari nalo. Ni lindo la mtoto wake mdogo aliye katika kunyonya. Mlinzi wa mtoto huyo ni ziwa la mama. Mlinzi wa zamu ni chakula. Na utapiamlo ndio adui aketiye kichakani, akingojea siku ambayo ziwa litaondolewa kabla ya chakula kufika.

Ufikiriwe mfano wa nyumba moja huko Buhehe. Buhehe ni gombolola katika wilaya ya Busia, mashariki ya Uganda. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Tororo mpaka mwaka 1997. Upande mmoja uko mpaka wa Kenya, na kusini liko Ziwa Victoria. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya, na tangu hapo Wasamia wamekuwa ndugu wenye lugha moja na serikali mbili. Ni nchi ya muhogo, mtama na wimbi. Nchi ya kunde, karanga na mboga za majani. Na kutoka ziwani hupandishwa samaki pamoja na dagaa, ambao Waganda huwaita mukene na Wajaluo huwaita omena. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba ni nchi isiyo na chakula.

Katika nyumba hiyo ya mfano, baba ni askari. Yuko mbali, pengine Karamoja, pengine Kampala, pengine ni mmoja wa maelfu waliopelekwa Somalia tangu mwaka 2007. Alikuja likizo, akakaa majuma machache, akarudi kazini. Baada ya miezi miwili mama anatambua kwamba ni mjamzito. Mtoto wa kwanza ana umri wa mwaka mmoja na mwezi mmoja, na bado ananyonya. Majirani wanamwambia mama kwamba maziwa ya mwenye mimba ni sumu. Basi usiku mmoja anapaka pilipili kwenye titi. Mtoto analia. Kesho yake anapelekwa kwa bibi yake, ng'ambo ya kilima, ili asahau. Bibi anampenda mjukuu wake, lakini alicho nacho ni uji wa muhogo na chai ya rangi yenye sukari. Mtoto anaupokea uji, anashiba, analala. Baada ya majuma kadhaa mashavu yake yamejaa, na watu wanasema kwamba amenenepa. Kumbe huo si unene. Ni maji. Nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, ngozi inabambuka, miguu imevimba, wala mtoto hachezi tena. Amekaa tu, amenuna, anatazama chini.

Ugonjwa huo kwa Kiswahili huitwa unyafuzi, na watu wengi huuita kwashakoo. Jina hilo la pili lina historia yenye mafunzo. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aliwaona watoto wa namna hii, akawauliza akina mama wa kabila la Waga wanauitaje ugonjwa huu. Wakamwambia jina ambalo maana yake ni maradhi yanayompata mtoto wa kwanza anapozaliwa wa pili. Mwaka 1935 aliliandika jina hilo katika gazeti la madaktari huko Uingereza, na dunia nzima ikalichukua. Wale akina mama hawakuwa wamekwenda chuo kikuu, lakini walikwisha kuona jambo lenyewe: mtoto huugua pale anapoondolewa mahali pake.

Uganda nayo ilichangia sana katika elimu hiyo. Hugh Trowell na wenzake katika hospitali ya Mulago waliuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi, na mwaka 1954 wakatoa kitabu kizima juu yake. Mwaka 1965 kikafunguliwa hapo Mulago kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, jina lililotokana na methali ya Waganda juu ya mtoto mwenye siha. Jambo la kuzingatiwa ni hili: katika kituo hicho mama hakupewa dawa tu na kuambiwa aende zake. Alifundishwa kupika. Alioneshwa kwamba chakula kile kile kinachopatikana shambani na sokoni kwake, kikichanganywa vizuri, kinaweza kumwinua mtoto aliyekuwa amelala hoi. Chakula hicho cha mchanganyiko kikapata jina la Kiganda, kitobero, na jina hilo linatumika hata leo katika zahanati za Uganda.

Sasa yafaa kuulizwa: kwa nini uji wa muhogo haukutosha, ilhali mtoto alikuwa akishiba? Jibu liko katika ukubwa wa tumbo lake. Tumbo la mtoto mwenye uzito wa kilo 8 huchukua kiasi cha robo lita tu kwa mara moja, yaani kikombe kimoja. Kikombe hicho kikijazwa uji mwepesi wa muhogo, kimejazwa maji na wanga, na protini iliyomo ni chache mno. Tumbo linasema limeshiba. Mwili unasema una njaa. Mtoto wa namna hii ni kama askari aliyepewa bunduki isiyo na risasi: kwa kumtazama yuko tayari, lakini siku adui akija hana cha kujitetea. Surua ikimjia, au kuhara, au malaria, anashindwa mara moja.

Shirika la Afya Duniani limeeleza utaratibu ulio wazi. Miezi sita ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji. Akitimiza miezi sita aanze kupewa chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka atimize miaka miwili au zaidi. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba kumwachisha mtoto ziwa ni tendo la siku moja. La, ni safari ya mwaka mmoja na nusu. Kati ya miezi sita na kumi na miwili, maziwa ya mama bado yanaweza kumpa mtoto nusu ya nguvu anazohitaji, au zaidi. Katika mwaka wa pili humpa kiasi cha theluthi moja. Kwa hiyo mama anayemwachisha mtoto wa mwaka mmoja kwa siku moja amemnyang'anya theluthi ya posho yake, naye hajamwekea badala. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwenye zamu huingiaje lindoni? Huingia polepole. Mtoto wa miezi sita huanza na vijiko viwili au vitatu vya chakula laini, mara mbili au tatu kwa siku. Afikapo miezi tisa, anahitaji nusu ya kikombe cha robo lita, mara tatu au nne. Baada ya mwaka mmoja, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kwa kila mlo, pamoja na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au kipande cha papai. Uji wake usiwe mwepesi kama maji. Uwe mzito kiasi cha kubaki kijikoni bila kumwagika.

Na uji huo usiwe mtupu. Mkazi wa Buhehe hahitaji kwenda Kampala kutafuta vya kutia. Unga wa wimbi au mtama utiwe karanga zilizosagwa vizuri, au dagaa wakavu waliochambuliwa, wakaoshwa na kutwangwa mpaka wakawa unga. Viazi vitamu vipondwe pamoja na kunde zilizomenywa. Ugali wa muhogo na wimbi uliwe kwa mboga ya majani iliyoungwa kwa simsim. Yai moja, siku linapopatikana, apewe mtoto kabla ya mgeni. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwa maana ukungu huo una sumu inayoharibu ini. Maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa yenye chuchu, kwani chupa hiyo ni ngumu kusafishwa na huleta kuhara.

Inafaa pia kuondoa hofu ambazo zimekuwa zikiwasukuma akina mama kuliacha lindo kabla ya wakati. Hofu ya kwanza ni ile ya mimba. Maziwa ya mama mjamzito si sumu. Mimba ikiwa inakwenda salama, mama anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi yeye mwenyewe ale vizuri zaidi, kwa kuwa sasa anawalisha watu watatu. Akitokwa na damu, au akiwa amewahi kuzaa kabla ya siku kutimia, basi amwone mkunga haraka apate shauri. Hofu ya pili ni ile ya virusi vya UKIMWI, na katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, penye misururu ya malori usiku na mchana, si jambo la kunyamaziwa. Mama mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa anaweza kunyonyesha, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba anaweza kuendelea hata kufikia miaka miwili au zaidi. La muhimu ni dawa kumezwa bila kukosa, na mtoto kupimwa kwa tarehe aliyopangiwa. Asimwachishe mtoto ziwa kwa sababu ya maneno ya kisimani.

Wako pia askari wanawake, ambao wao wenyewe ndio walinzi wa malindo yote mawili. Afande mwenye mtoto mchanga akirudi kazini hana haja ya kukata maziwa. Anaweza kukamua maziwa yake kabla ya kutoka, akayaweka katika chombo safi chenye kifuniko. Mahali penye kivuli yatakaa kiasi cha saa nne bila kuharibika, na mlezi atamnywesha mtoto kwa kikombe. Mkuu wa kituo anayempa askari huyo nafasi ya faragha na dakika chache za kukamua hajalegeza nidhamu. Amelinda afya ya familia ya kikosi chake.

Lakini maneno haya yasidhaniwe kuwa ni ya wanawake tu. Baba ana zamu yake, hata akiwa maili mia tano kutoka Buhehe. Zamu yake ya kwanza ni kupanga uzazi pamoja na mkewe. Wataalamu hushauri ipite angalau miaka miwili tangu kuzaliwa mtoto kabla ya mimba nyingine. Njia za kupanga zipo katika zahanati, na askari anayekwenda likizo bila kulizungumza jambo hilo na mkewe huacha nyuma yake matatizo ambayo hatakuwapo kuyabeba. Zamu ya pili ni fedha. Siku hizi mshahara unaweza kufika kijijini kwa simu katika dakika moja; basi katika fedha hizo kitengwe, kwa jina, kiasi cha chakula cha mtoto: dagaa, karanga, mayai. Fedha isiyotajwa kazi yake hupotea njiani. Zamu ya tatu ni neno. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kipande kikubwa cha nyama au samaki huwekewa baba, na mtoto huachiwa mchuzi. Ziko hata sehemu ambako kwa desturi za zamani wanawake walikatazwa kula mayai na kuku. Desturi hizo bibi hawezi kuzivunja peke yake, lakini baba akisema katika simu kwamba kipande chake apewe mtoto, mara nyingi jambo litakuwa limekwisha.

Ushahidi kwamba wanaume wakishiriki hali hubadilika upo. Katika miaka ya 1980 mkoa wa Iringa, nchini Tanzania, uliendesha mpango wa lishe ulioanzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na matokeo yakapelekwa mbele ya halmashauri ya kijiji, ambako wazee na viongozi, wengi wao wanaume, walilazimika kuulizana kwa nini mtoto wa fulani amepungua, na nini kifanyike kabla ya kupima tena. Walipima, wakachambua, wakatenda, kisha wakapima upya. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji vile kwa miaka michache tu. Mwendo huo askari wanaujua: kupeleleza, kupanga, kutenda, na kutoa taarifa.

Na kazi bado ipo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulionesha kwamba katika kila watoto 100 wa Uganda walio chini ya miaka mitano, 29 walikuwa wamedumaa. Huko Kenya, uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 18, na Tanzania katika mwaka huo huo 30. Kudumaa si ufupi wa ukoo. Ni alama ya mtoto aliyekosa lishe katika siku zile za mwanzo, na ubongo wake nao hujengwa katika siku hizo hizo. Ni vigumu mno kufidia baadaye kilichokosekana wakati huo.

Kwa sababu hiyo kila askari anayefika nyumbani likizo anapaswa kufanya ukaguzi. Abonyeze kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto, ahesabu hadi tatu, kisha aachie. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje asubuhi. Na kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na hajafika miaka mitano, wahudumu wa afya wa kijiji wanao utepe wa kupimia mkono. Mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11 na nusu, hiyo ni rangi nyekundu, hatari kubwa. Kati ya hapo na 12 na nusu ni rangi ya manjano, onyo. Utepe huo hauhitaji kusoma wala kuandika.

Lipo neno la mwisho, nalo ni juu ya zawadi. Baba anapotoka safari hupenda kumletea mtoto kitu, na mjini Busia vitu vya sukari vimejaa kila duka: soda, biskuti, peremende. Mtoto wa mwaka mmoja akizoeshwa soda, uji wa wimbi atauona hauna ladha. Chai ya rangi nayo huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma yanayojenga damu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ulimi nao hulelewa. Mtoto akiikataa mboga leo, apewe tena kesho, na keshokutwa, bila kufokewa wala kushikwa pua. Pengine ataikubali mara ya nane au ya kumi. Awe na sahani yake mwenyewe, ijulikane amekula kiasi gani, kwa maana katika sinia moja na wakubwa mkono mdogo daima hushindwa. Akae pamoja na wazazi wakati wa mlo, aone baba yake naye anakula mboga za majani. Zawadi ya askari kwa mwanawe iwe trei ya mayai, au debe la karanga, au mkungu wa ndizi.

Mtoto yule wa Buhehe hakukosa mtu wa kumpenda. Mama alimpenda, bibi alimpenda, na baba alikuwa akituma fedha. Alichokosa ni makabidhiano. Ziwa liliondoka usiku, na chakula hakijafika. Askari ndiye anayejua kuliko watu wengine wote kwamba jambo kama hilo haliruhusiwi lindoni. Basi usiku huu, yule mwenye mtoto mdogo nyumbani apige simu, aulize maswali matatu: mtoto bado ananyonya? Leo amekula nini? Na kesho atakula nini? Majibu yakiwa si mazuri, ajue kwamba zamu yake imekwisha kufika.